Picha ya Maktaba

4 Machi

Mpwa wangu Kipaza,

Salamu nyingi na pole na kazi. Mimi ni mzima, ila miguu inauma jioni kwa kusimama, na siku hizi nasimama bure, kama utakavyosoma. Baba yako hajambo. Analalamika kwamba hupigi simu. Mimi simu yako siitaki. Kwenye simu unaniambia "ngoja kidogo, shangazi," halafu nasikia unagombana na watu wa ofisini. Karatasi huwezi kuiambia ingoje.

Gazeti lako la Alhamisi iliyopita limefika hapa mchana kama kawaida. Aliyelinunua ni fundi saa, jirani yangu wa mlango wa kushoto. Akaja nalo dukani, akalitandaza juu ya kaunta, akasema, "Mama Dozi, umetoka gazetini." Hakucheka, na wewe unamjua alivyo mtu wa kucheka.

Ukurasa wa mbele! DAWA FEKI ZAJAA MITAANI, herufi nene kama vidole vyangu. Na chini ya hizo herufi, mimi. Koti jeupe, chupa ya dawa ya kikohozi mkononi, nimecheka mpaka jino la pembeni linaonekana. Mtu akiitazama anasema, huyu mwanamke anaua watu na anafurahia.

Nimesoma habari yote. Ni ya ghala lililokamatwa na polisi huko jijini kwenu. Jina langu halimo, mji wangu haumo. Sura yangu tu ndiyo imo.

Na picha yenyewe naijua, kwa sababu uliipiga wewe siku niliyofungua duka. Ulikuwa ndiyo kwanza umeajiriwa, umeazima kamera ya ofisi. Ukaniambia, "Cheka, shangazi, cheka kama umeshinda bahati nasibu." Nikacheka kwa ajili yako.

Mama mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye watoto wake nimewahudumia tangu wana meno mawili, amerudisha chupa ya dawa ya homa haijafunguliwa. Ameiweka kaunta akaangalia pembeni. Watoto wa shule, waliokuwa wananiita Mama Dozi kwa sababu narudia dozi mara tatu tatu, sasa wananiita Mama Feki. Nimeumia, mwanangu. Sikufichi.

Wewe ndiye mhariri wa gazeti hilo. Nataka mnisafishe pale pale mliponichafua, kwa ukubwa ule ule. Sina lingine.

Shangazi yako


9 Machi

Shikamoo shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na miguu imepata nafuu. Mimi naendelea vizuri, ila kikohozi kimeniganda na usingizi ni wa kuokoteza.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimefunga mlango. Pole sana. Hakuna aliyekukusudia wewe. Habari ilichelewa kufika, ukurasa ukabaki na pengo, mpanga kurasa akaingia kwenye maktaba yetu ya picha kutafuta kitu cha kuziba. Ile picha yako imehifadhiwa humo kwa maneno haya tu: "Duka la dawa, mwanamke, anacheka." Akaichukua. Ndivyo magazeti yote yanavyofanya shangazi, siyo sisi peke yetu. Na ukiangalia vizuri, chini ya picha pameandikwa "Picha ya maktaba", maana yake siyo picha ya tukio lenyewe.

Nimeshaongea na mpanga kurasa, nimemkalia kooni. Tutaweka maelezo kwenye kona yetu ya masahihisho, ukurasa wa kumi na nane, wiki ijayo.

Nakuomba uvumilivu kidogo. Siku ile picha inatoka nilikuwa kwenye mkutano wa wahariri, nahutubia. Unajua kuna muswada bungeni. Serikali inataka kuunda ofisi yake ya kutoa leseni kwa waandishi na kuyafungia magazeti. Sisi tunasema hapana, tunalo Baraza letu tuliloliunda wenyewe, linapokea malalamiko ya mtu yeyote bila malipo, na tunatii linachoamua. Wiki hizi tuko kwenye moto kwelikweli.

Msalimie baba. Nitapiga simu Jumapili.

Mpwa wako


14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kikohozi kunywa maji ya moto, na uache kulala na feni imekuelekea usoni. Jumapili nilikaa na simu mapajani mpaka nikasinzia. Haikulia.

Hiyo kona yenu nimeitafuta. Fundi saa alinisaidia, na yeye anatumia lenzi ya kazini. Tumeikuta chini kabisa, imebanwa kati ya viwanja vinavyouzwa na utabiri wa nyota. Nikasoma na nyota yangu maana nilikuwa nimeshafika. Inasema mwezi huu nitapata wageni. Kweli nimewapata. Wakaguzi wa dawa wamekuja na gari lao lenye maandishi ubavuni, wakaliegesha mbele ya duka asubuhi nzima, wakakagua kila rafu. Hawakukuta kitu. Wakanipa mkono, wakaondoka. Lakini mtaa mzima uliona gari likija, na hakuna aliyeingia kuuliza walikuta nini.

Unaniambia pameandikwa "Picha ya maktaba". Mwanangu, mtu anayekuja kwangu na mtoto mwenye homa hasomi herufi za ukubwa wa chawa. Anaona sura, anaona neno FEKI, anageuza njia.

Halafu Jumapili ile ile ambayo hukupiga simu, uliandika kwenye gazeti lako, na nimekata nimeweka: "Mwananchi aliyeumizwa na gazeti ana mahali pa kwenda." Nilifurahi sana. Nikajiuliza, mwananchi gani huyo? Kumbe ni mimi.

Basi nimeliandikia hilo Baraza lenu. Wamenijibu kwa adabu. Wamesema kanuni inataka nimwandikie kwanza mhariri na nimpe wiki mbili. Kwa hiyo barua hii inafanya kazi mbili: ni ya kukuuliza hali, na ni ya kukupa wiki mbili.

Shangazi yako


20 Machi

Shikamoo shangazi yangu,

Hujambo? Mimi kikohozi kinapungua, moyo ndiyo unakwenda mbio.

Nitasema bila kuzunguka. Nakuomba uondoe malalamiko yako kwa sasa. Sisemi uyafute, nasema uyaweke pembeni mpaka muswada upite au uanguke.

Kwanza, wahariri wamenichagua mimi niwawakilishe kwenye kamati ya malalamiko ya Baraza. Yaani shauri lako linaletwa kwenye meza ambayo nimekaa. Pili, mimi ndiye ninayezunguka kwenye redio nikisema tujisimamie wenyewe. Wapinzani wetu wakijua kwamba gazeti langu limemchafua mtu asiye na hatia, watanicheka. Wakijua kwamba mtu huyo ni shangazi yangu, watasema tumepanga mchezo wa kuigiza. Nikishinda, ni undugu. Nikishindwa, ni geresha ya kuonyesha kwamba Baraza linafanya kazi. Kote nimenasa.

Naweza kulisogeza sahihisho mpaka ukurasa wa pili. Hapo ndipo mkono wangu unapofika. Ukurasa wa mbele ni wa Mkurugenzi, mwenye gazeti, na hajawahi kuandika "tumekosea" juu yake tangu alipolianzisha.

Nisaidie, shangazi. Wewe ndiye uliyenilea wakati baba anasafiri na kazi. Sijawahi kukuomba jambo kubwa kama hili.

Mpwa wako


2 Aprili

Kwa Mhariri,

Habari za kazi. Natumaini wewe na wafanyakazi wenzako ni wazima.

Wiki mbili zimekwisha na zimepitiliza. Ukurasa wa pili nimeukataa. Sikuchafuliwa ukurasa wa pili. Malalamiko yangu yako mbele ya Baraza na sitayaondoa wala kuyaweka pembeni.

Ni haki yako ujue jambo lingine. Juzi alikuja dukani mtu wa wizarani, suti ya kijivu, viatu vinang'aa mpaka nikaona dari yangu ndani yake. Hakuwa mgonjwa. Alisema amesikia habari zangu. Anataka nikaongee mbele ya kamati ya Bunge inayojadili huo muswada wenu, niwaonyeshe picha na kueleza jinsi gazeti lilivyonifanyia. Nitapelekwa na kurudishwa, nitapewa wakili wa kuwashitaki. Alikuwa mpole, na kwa kweli ni mtu wa kwanza mwenye suti kuniambia pole.

Nilimwambia nimeshapeleka shauri langu mahali, na nataka kwanza nione kama mahali penyewe pana watu. Akaniachia namba yake.

Mlalamikaji

Hapa chini naandika kama shangazi. Ulisema kwamba nikuondolee mzigo kwa sababu nimekulea. Sasa mimi nikuulize, kama hili lingempata mwanamke mwingine, asiye na mpwa mhariri, ungemwambia nini? Usinijibu. Jijibu mwenyewe. Na mimi duka langu linakufa, Kipaza. Wiki iliyopita nimeuza plasta na panadoli, basi. Nina dawa zinazokaribia kuisha muda na hakuna wa kuzinunua. Hali ikiendelea hivi, kufika katikati ya mwaka nitafunga.


10 Aprili

Shikamoo shangazi,

Natumaini hujambo. Ukianza barua kwa "Kwa Mhariri" unanitoa jasho kuliko Mkurugenzi.

Nimejijibu. Ilinichukua siku kadhaa na sikulipenda jibu.

Nimejitoa kwenye kamati kwa shauri lako. Wamebaki jaji mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti, mwalimu mkuu mmoja anayewakilisha wananchi, na mwandishi mkongwe ambaye hatusalimiani tangu nimchukulie nafasi yake. Sikuchagua hata mmoja. Mimi nitakaa upande wa wanaolalamikiwa.

Mkurugenzi amewaka. Anasema nimeshindwa kumtuliza mwanamke mmoja wa familia yangu, nitawezaje kuongoza chumba cha habari. Nikamwambia hajakujua.

Kuhusu yule mtu wa suti ya kijivu, siwezi kukukataza. Naogopa sana, hilo nalisema. Ukienda kule Bungeni umetumaliza, na utakuwa umesema kweli tupu.

Basi lako la kuja kusikilizwa Baraza linalipia. Nije nikupokee kituoni?

Mpwa wako


6 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Nimefika salama. Nilikukataza kunipokea kituoni na nilikuona umesimama nyuma ya kibanda cha vocha ukijifanya unasoma. Gazeti lenyewe lilikuwa juu chini.

Baba yako ananiuliza ilikuwaje nami nachoka kurudia, kwa hiyo naandika hapa nitamsomea kabla ya kuituma.

Nilidhani nitakuta ukumbi wenye viti vya enzi. Kumbe ni chumba cha ghorofa ya pili, meza imeunganishwa kwa meza nyingine na hazilingani urefu, feni inagonga, na ngazi zile zilinitoa roho. Jaji ni mama mwenye miwani ya kamba. Kitu cha kwanza aliuliza kama kuna mtu mwenye uhusiano na mwenzake humu ndani. Wewe ukatazama kalamu yako. Nikasimama. Nikasema, "Huyo mhariri ni mpwa wangu. Nimemfundisha kufunga kamba za viatu. Nimekuja kumlalamikia na naomba asipunguziwe kitu." Yule mwandishi mkongwe alikohoa kuficha kicheko. Wewe uliinamisha kichwa kama siku ulipovunja kioo cha jirani.

Wakili wa gazeti akasimama akasema yale yale, picha ya maktaba, jina halimo, kosa la mpanga kurasa aliyechoka. Nikamwona na huyo mpanga kurasa amekaa ukutani, kijana wa watu mwembamba, anatazama sakafu. Nikasema moyoni, haya, wamempata wa kumtwisha.

Mwalimu mkuu akauliza swali dogo tu. "Kabla ya gazeti kwenda mtamboni, nani anaupitisha ukurasa wa mbele?"

Wakili akafungua mdomo. Wewe ukasema, "Mimi." Ukasema ulitumiwa ukurasa kwenye simu ukiwa mkutanoni, zamu yako ya kuhutubia imekaribia, ukauona umekaa mdogo kama kucha, ukajibu "sawa". Ukasema, "Niliipitisha sura ya shangazi yangu na sikuitambua, kwa sababu sikuangalia."

Mwanangu, nilikasirika na nikaona fahari, vyote pamoja, mpaka nikashindwa kunywa maji waliyoniwekea.

Uamuzi wamesema utakuja kwa maandishi. Mimi nimerudi dukani. Leo ameingia mteja mmoja, alikuwa anauliza njia.

Shangazi yako


11 Mei

Shikamoo shangazi,

Natumaini miguu imepumzika baada ya zile ngazi. Mimi ni mzima wa mwili.

Uamuzi umetoka, na wewe utapata nakala yako. Umeshinda kila kitu. Gazeti limevunja kanuni, lichapishe sahihisho ukurasa wa mbele, picha ile ile, ukubwa ule ule, siku ya Alhamisi. Yule mwandishi mkongwe ndiye aliyeuandika, na ameuandika vizuri, bila kisasi. Nilimpigia simu kumshukuru. Tumeongea kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Sasa sikia upande wa pili. Mkurugenzi ameusoma, akaukunja, akauweka chini ya kikombe chake cha chai. Amesema, "Kujiunga na Baraza ilikuwa hiari. Basi na kutoka ni hiari." Anataka tujitoe uanachama kuliko kuchapisha.

Na hili ndilo sikukueleza vizuri toka mwanzo. Baraza halina polisi. Halitozi faini, halifungi mtu. Lina ahadi yetu tu, kwamba likisema tutatii. Gazeti kubwa kama letu likitoka, na mengine yatatoka, na yule mtu wa suti ya kijivu hatakuhitaji tena. Atakuwa na ushahidi wa kutosha.

Nimemwomba Mkurugenzi anipe muda nimshawishi. Sijui nitamwambia nini.

Mpwa wako


15 Mei

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwangu na kwa baba yako, ambaye amesema katika ugomvi huu yeye hayumo, na kila siku anauliza kama kuna barua.

Mimi sina la kukufundisha kuhusu kazi yako. Uliponiambia nikae pembeni nilikukatalia, na sasa sitakuambia ruka wala usiruke. Una mke na watoto na pango la nyumba. Nalijua hilo.

Duka nitafungua asubuhi kama kawaida. Alhamisi nitamwomba fundi saa aninunulie na mimi nakala yangu.

Shangazi yako


3 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo huko? Kimya chako kimekuwa kirefu. Mke wako alimwambia baba yako kwamba unarudi nyumbani umechoka na huongei. Kula vizuri, hata kama huna hamu.

Alhamisi tatu zimepita. Fundi saa ananiletea gazeti, tunalitazama, tunalikunja. Alhamisi ya mwisho kulikuwa na picha ya mpira. Fundi saa alisema, "Labda kesho kutwa," na mimi nikamjibu vibaya, mpaka leo sijamwomba radhi.

Mwenye nyumba amekuja. Ni mtu mzuri, hajanipigia kelele. Amesema kuna mtu anataka chumba kwa ajili ya saluni, na kwamba anaona mwenyewe jinsi nilivyokaa bila wateja. Nimemwambia mwisho wa mwezi huu nitamkabidhi funguo. Nimeanza kupanga dawa kwenye maboksi. Zile zinazokwisha muda nimezitenga peke yake, nisije nikathibitisha kichwa chenu cha habari.

Yule mtu wa wizarani amerudi. Kamati ya Bunge inakaa wiki ijayo, kiti changu kipo. Nimemwambia nitampa jibu Ijumaa.

Sikutishi, Kipaza. Nakuarifu, kama wewe ulivyostahili kuniarifu kabla ya kuniweka ukurasa wa mbele. Nimesubiri Baraza lenu, limefanya kazi yake vizuri. Limeniona, limenisikiliza, limesema kweli. Sasa kweli hiyo imewekewa kikombe cha chai. Na mimi nikikaa kimya na hiyo, hata yule mama wa mtaa wa nyuma atakuwa na haki ya kuniogopa, maana mtu aliyechafuliwa akanyamaza anafanana sana na mtu mchafu.

Barua hii naituma na basi la asubuhi.

Shangazi yako


7 Juni

Shikamoo shangazi,

Natumaini umeshaliona gazeti la jana. Nilitaka kukupigia simu, nikakumbuka unavyoichukia, basi nikakaa kuandika.

Barua yako ilifika Jumanne jioni. Nilikwenda nayo kwa Mkurugenzi. Sikumsomea, nilimwambia tu kwamba kesho naupanga ukurasa wa Alhamisi na sahihisho litakuwemo, na kama hataki, aondoe jina langu pale juu panapoandikwa mhariri. Akasema, "Jina nitaliondoa. Na hilo sahihisho halitoki." Kwa kifupi, unga ulimwagika na sikupata kitu.

Aliyeokoa jahazi ni yule mpanga kurasa. Usiku wa Jumatano aliletewa ukurasa wenye tangazo la gari pale mbele. Akauweka pembeni. Akapanga ule wako, picha kubwa, na akamwambia Mkurugenzi kwamba huo ndio ukurasa wake wa mwisho kuupanga, achukue au aajiri mtu usiku huo huo. Baadaye nilimuuliza kwa nini, na ana mtoto mchanga. Akasema, "Bosi, siku ile kwenye Baraza ungeweza kuniachia mimi lile zigo." Wenzake wakasimama naye, mmoja mmoja, hata wale wa michezo. Mtambo unasubiri, madereva wa magari ya usambazaji wanapiga honi. Mkurugenzi akasaini huku anatukana.

Kwa hiyo tumebaki kwenye Baraza. Mpanga kurasa amebaki kazini, kwa sababu hakuna mwingine anayeijua ile kompyuta. Mimi sikufukuzwa kabisa. Nimeteremshwa. Ukiingia jengo letu, shuka ngazi, pita stoo ya karatasi, ndipo nilipo: maktaba ya picha. Mshahara umepungua na mke wangu hajafurahi, ingawa alinikatia lile gazeti akalibandika kwenye friji.

Leo nimefungua makabati. Shangazi, nimeogopa. Picha maelfu, na chini yake: "Mgonjwa." "Mama sokoni." "Vijana wasio na kazi." Hakuna jina, hakuna mahali, hakuna siku. Kila mmoja wao anaweza kuamka kesho akajikuta chini ya kichwa cha habari kisichomhusu. Nimeanza kutafuta nani ni nani. Kazi yenyewe inaweza kunimaliza, lakini nitaifanya.

Yako nimeishika mkononi. Naweza kuifuta kabisa, isionekane tena na mtu. Nasubiri neno lako.

Na Ijumaa ni leo. Sikuulizi ulimjibu nini yule bwana.

Mpwa wako


12 Juni

Mpwa wangu Kipaza,

Marahaba, na pole, na asante. Nimeziandika zote tatu kwa mkupuo kwa sababu nikianza kuzitenganisha nitalia, na karatasi ni hii moja.

Alhamisi fundi saa alikuja anakimbia, yeye na tumbo lile. Aliligeuza gazeti kunionyesha. TULIMCHAFUA MTU ASIYE NA HATIA. Herufi nene vile vile. Na mimi pale chini, jino nje. Safari hii jina langu limo lote, na mji, na mtaa, na kwamba wakaguzi walinikuta safi. Fundi saa alilibandika moja kwenye mlango wake na moja kwenye wangu. Nimemwomba radhi kwa yale maneno, akasema hakumbuki. Muongo mkubwa.

Usidhani mtaa ulikuja na ngoma. Ijumaa hakuja mteja wa mtaani hata mmoja. Jumamosi walikuja wawili, wakanunua plasta. Watoto wengine bado wananiita Mama Feki, limewanogea. Lakini Jumatatu jioni aliingia yule mama wa mtaa wa nyuma, mtoto mgongoni anachemka. Hakuomba radhi na mimi sikumdai. Alisema, "Ile dawa ya homa bado unayo?" Nikalifungua boksi maana nilikuwa nimeshalifunga. Nikamwambia kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, baada ya kula. Akasema, "Rudia, Mama Dozi." Nikarudia mara tatu.

Mwenye nyumba nimemwambia asubiri na saluni yake. Amenipa mpaka mwisho wa mwaka. Sijui kama nitafika, lakini nafungua.

Yule bwana wa wizarani alipita Ijumaa kuchukua jibu lake. Alilikuta limebandikwa mlangoni. Alisimama akalisoma lote, kisha akaingia akaulizia kitu cha kikohozi. Nikamuuzia, nikamwambia dozi. Muswada wenu bado uko Bungeni, sijui utakuwaje. Mkikosea tena nitakwenda, na sitasubiri kualikwa.

Sasa, picha. Usiifute. Nilicheka siku ile kwa sababu nilikuwa na furaha, na furaha yangu siitaki iende na maji kwa sababu ya mtu ambaye hakuangalia. Ila usiiache na yale maneno yake. Futa "Duka la dawa, mwanamke, anacheka." Andika jina langu lote. Andika mji, na kwamba ni siku ya kufungua duka. Na pale wanapoandika aliyepiga, usiweke jina la gazeti.

Andika: mpwa wake.

Shangazi yako